Kisanduku cha huduma ya kwanza cha shilingi 35,000: kimetufaa nini katika diko la Deep Sea, Tanga

Kikundi chetu kinashusha samaki katika diko la Deep Sea, jijini Tanga, na wanachama waliponiagiza mimi katibu wao nitafute visanduku vya huduma ya kwanza, kimoja kwa kila mashua na kimoja cha kukaa nchi kavu karibu na meza za wapara samaki na majiko ya wakaangaji, nilichagua kile nilichokikuta katika duka moja la vifaa vya hospitali huko Ngamiani kwa bei ya shilingi 35,000. Tumekitumia tangu kaskazi ilipokuwa ikivuma hadi sasa ambapo upepo umegeuka kuwa kusi. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba kisanduku hicho kinastahiki nusu ya bei yake, na kwamba aliyekipanga alijali sana dawa za kumimina juu ya jeraha akasahau karibu kila kitu kinacholisaidia jeraha kupona.

Nianze na umbo lake. Ni sanduku la bati lililopakwa rangi nyeupe, lenye mpini juu na vifungo viwili vya chuma mbele, na ukubwa wake unatosha kuingia chini ya ubao anaokalia nahodha. Kwa mtu wa ofisini halina neno. Kwetu sisi tunaoishi na chumvi, bati ni hasara: bawaba za masanduku yaliyokwenda baharini zilianza kushika kutu mapema, na moja liligoma kufunguka mpaka likabembelezwa kwa bisibisi, jambo ambalo mtu anayevuja damu hana subira nalo. Duka hilohilo lina masanduku ya plastiki yenye mpira wa kuzuia maji kwenye mfuniko, yanayouzwa matupu, na hayo ndiyo tuliyohamia. Juu ya sanduku la bati umechorwa msalaba mwekundu mkubwa. Niseme kwa kupita tu kwamba alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na haikuwekwa iwe pambo la biashara. Alama ya kimataifa ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya rangi ya kijani, na mtengenezaji makini angelijua hilo.

Ndani mna chupa ya spiriti, chupa ya haidrojeni peroksaidi, chupa ndogo ya ayodini, kichupa cha GV, bunda la pamba, plasta, bandeji kadhaa za kitambaa, bandeji moja ya kuvutika, vipande vichache vya gozi, mkasi, kibano, pini na jozi moja ya glavu. Binti aliyekuwa akihudumia, ambaye kwa hakika anaijua kazi yake, alinifungulia sanduku akawa ananihesabia kila kitu kwa kidole.

"Mzee wangu, hapa hukosi kitu. Dawa za kuua wadudu peke yake ziko nne."

"Sawa, binti yangu. Na cha kuoshea je?"

Alilitazama sanduku upya, akacheka. "Si maji ya bomba, baba?"

Jibu hilo ni la haki kwa mtu aliye mjini, ambako maji ya bwawa la Mabayani yanafika bombani, lakini mashua iliyotia nanga usiku haina bomba, na hata hapa dikoni bomba liko mbali na meza za visu. Dawa nne za kuua wadudu na hakuna hata nusu lita ya maji safi: hapo ndipo ulipo upungufu mkubwa wa kisanduku hiki, na mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana nao.

Jeraha jipya linataka mambo mawili kwanza. La kwanza ni kuzuia damu kwa kulikandamiza moja kwa moja, kwa gozi au kitambaa safi, kwa muda usiopungua dakika 10, bila kufunuafunua kuangalia kama damu imekata, kwa sababu kila ukifunua unaling'oa donge la damu lililoanza kuganda. La pili, damu ikishatulia, ni kuosha kwa maji mengi yanayotiririka. Maji hayo si lazima yawe ya dripu. Tafiti zilizolinganisha maji ya bomba yanayofaa kunywewa na maji ya chumvi ya hospitali, yale yenye gramu 9 za chumvi kwa lita moja, hazikuonyesha kwamba majeraha yaliyooshwa kwa maji ya bomba yalipata usaha zaidi. Kinachohesabika ni wingi wa maji na msukumo wake. Chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa matundu mawili matatu kwenye kifuniko, ikaminywa kwa nguvu juu ya jeraha, inatoa mchanga, magamba, nyuzi za nyavu na bakteria wengi kuliko dawa yoyote iliyomo sandukuni. Sabuni inatumika kwenye ngozi iliyo pembezoni. Ndani ya jeraha haina kazi isipokuwa kuwasha, ila jeraha likiwa ni la kung'atwa na mbwa, hapo sabuni na maji vinatumika bila huruma kwa dakika 15 kamili, kisha mgonjwa anapelekwa kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Faida ya maji niliiona kwa macho yangu kwenye meza ya kupara samaki. Kijana mmoja alikuwa akichana jodari, kisu kikakutana na mfupa, kikateleza na kumkata kwenye shina la dole gumba la mkono wa kushoto. Bi mkubwa aliyekuwa akipara changu meza ya pili alimuwahi, akaukamata mkono, akaubana kwa upindo wa kanga yake na kuuinua juu. "Mwanangu, tulia, usiutazame," alimwambia, naye akatulia. Tayari mtu alikwisha fungua chupa ya spiriti, nikamwomba aifunge. Damu ilipopungua tulimimina chupa mbili za maji ya kunywa moja baada ya nyingine, na katika chupa ya pili likatoka gamba la samaki, jembamba na angavu, lililokuwa limejibanza ndani kabisa ambako jicho halikulifikia. Kama tungemimina spiriti na kufunga, gamba lile lingebaki ndani likitengeneza usaha. Dole lilikuwa linakunjika na lina hisia, jambo lililotuonyesha kwamba huenda kano na neva havikukatwa, lakini kingo za jeraha zilikuwa zimeachana, hivyo alipelekwa hospitali ya Bombo kushonwa. Jeraha la namna hiyo ni vizuri lishonwe ndani ya saa chache. Likikaa sana bila kushughulikiwa, daktari anaweza kuamua kuliacha wazi kwa muda ili asifungie uchafu ndani.

Sasa hizo chupa nne. Spiriti inaua bakteria kwenye ngozi nzima na kwenye vyuma, kwa hiyo ni nzuri ya kupangusia kibano, mkasi na mikono ya mhudumu. Ndani ya jeraha inachoma chembe hai zilezile zinazotakiwa kujenga nyama mpya, na ule ukali wake, ambao wengi wetu tuliufundishwa utotoni kuwa ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi, ni maumivu ya ngozi inayoumizwa mara ya pili. Haidrojeni peroksaidi ndiyo inayopendwa zaidi na vijana kwa sababu ya povu lake. Povu hilo ni oksijeni inayotoka pale kimeng'enya kilichomo ndani ya damu na chembe zetu kinapoivunja dawa, maana yake itatoa povu juu ya jeraha chafu na itatoa povu vilevile juu ya jeraha safi. Nayo pia hudhuru chembe zinazojenga, na haifai kabisa kumiminwa ndani ya tundu refu lisilo na njia ya kutolea hewa. Tumeitumia kuondolea madoa ya damu kwenye nguo, na kwa kazi hiyo ninaisifu bila kusita.

Ayodini ndiyo chupa pekee kati ya hizo nne niliyoibakiza kwa moyo mweupe. Inafaa kupakwa kwenye ngozi inayozunguka jeraha, na jeraha lililoingia tope au utumbo wa samaki linaweza kupata ayodini mara moja baada ya kuoshwa, ikaachwa dakika mbili ifanye kazi yake. Kuipaka asubuhi na jioni juu ya nyama mpya inayopona ni kujichelewesha, na wenye maradhi ya tezi ya shingo pamoja na wajawazito wasiitumie kwenye eneo kubwa bila ushauri. GV, yaani ile dawa ya zambarau, nimeitoa kabisa. Inapaka rangi nzito inayomzuia mtu kuona kama ngozi imebadilika, na Wizara ya Afya ya Kanada ilitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu uwezekano wa dawa hiyo kuchangia saratani. Sioni sababu ya kuendelea nayo wakati kazi yake inafanywa na maji.

Hoja hii ya kwamba dawa kali zinaweza kulidhuru jeraha si ngeni. Alexander Fleming, ambaye wengi wanamjua kwa penisilini aliyoigundua mwaka 1928, alikuwa amekwisha fanya kazi na majeruhi huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na akaonyesha kwamba dawa za kuua wadudu zilizokuwa zikimiminwa ndani ya majeraha marefu ziliziua chembe nyeupe za damu huku zikishindwa kuwafikia bakteria waliojificha kwenye vipenyo. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado mtengenezaji wa sanduku letu anahesabu ubora kwa idadi ya chupa.

Upande wa vifuniko ndio niliotaka kuuona umejaa, na ndio mkavu zaidi. Pamba ni nyingi kupita kiasi, nayo haitakiwi kugusa jeraha wazi kwa sababu nyuzi zake zinabaki ndani na kulisumbua. Gozi, ambayo ndiyo inayotakiwa, ilikuwa vipande vichache, tena baadhi vikiwa vimefungashwa pamoja katika mfuko mmoja wa nailoni usio na maandishi kwamba vimetakaswa. Hapakuwa na hata kipande kimoja cha gozi yenye mafuta, ile isiyoganda kwenye nyama. Anayefunga jeraha kwa gozi kavu anaiona tofauti siku ya kufungua: gozi imeshikana na nyama, mgonjwa anakunja uso, na inapobanduliwa inaondoka na ngozi changa iliyokwisha anza kutambaa. Dawa ya hilo ni kuilowanisha kwa maji safi na kungoja mpaka iachie yenyewe, na kwa siku zijazo kupaka vaselini safi kidogo juu ya jeraha kabla ya kulifunika.

Wapo watakaouliza kwa nini lifunikwe, maana huku kwetu kauli inayosikika kila siku ni "liache lipigwe upepo likauke." Mwaka 1962 mtafiti Mwingereza George Winter alichapisha majaribio aliyofanya kwa nguruwe, ambapo majeraha madogo yaliyofunikwa kwa karatasi laini ya plastiki yasikauke yalifunikwa na ngozi mpya kwa kasi ya takriban mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi yakafanya kigaga. Sababu yake inaeleweka ukilifuata jeraha hatua kwa hatua. Damu ikishaganda, kwa siku chache za mwanzo mwili unapeleka chembe nyeupe kusafisha, ndiyo maana jeraha linavimba kidogo na kuwa na joto hata kama halina tatizo. Baadaye inaota nyama mpya, nyekundu na yenye vichembe, halafu ngozi inatambaa kutoka kingoni kuelekea katikati. Ngozi hiyo inatambaa vizuri juu ya unyevu; ikikuta kigaga kigumu inalazimika kuchimba njia chini yake. Kovu linaloonekana baada ya hapo linaendelea kujisuka upya kwa mwaka mmoja au zaidi, na halirudi kuwa na nguvu zaidi ya asilimia 80 hivi ya ngozi ya awali. Unyevu ninaousema ni ule wa jeraha lenyewe chini ya kifuniko safi. Bandeji iliyoloa maji ya barafu ya samaki kutwa nzima ni jambo jingine, na hiyo inabadilishwa palepale inapoloa.

Plasta ni za rangi ya kupendeza na hazishiki. Kwa mtu aliyekaa mezani huenda zinadumu. Kwenye kidole cha mtu anayeshika barafu na samaki zinaachia muda si muda, na mara moja tuliikuta moja ndani ya kapu la vibua vilivyokuwa vikisubiri mnunuzi, jambo ambalo sitaki kulieleza zaidi. Tumezibadilisha kwa plasta pana ya kitambaa inayokatwa kwa mkasi, na juu yake mtu anavaa kidole kimoja cha glavu. Bandeji za kitambaa ni nzuri na sina lawama. Ile ya kuvutika inahitaji mkono wa adabu, kwa kuwa ukiivuta sana inazuia damu: baada ya kufunga, bonyeza ukucha wa kidole kilicho chini ya bandeji ugeuke mweupe, kisha uachie, rangi isiporudi ndani ya sekunde 2 hivi, au kidole kikiwa cha baridi na ganzi, legeza ufunge upya.

Mkasi unatafuna nguo badala ya kukata. Kibano hakikutani ncha, hivyo hakiwezi kushika mwiba. Glavu jozi moja ni dhihaka, kwa kuwa anayemhudumia mwenzake lazima ajilinde na damu yake, na baada ya jeraha la kwanza sanduku linabaki halina kinga kwa la pili.

Mambo ya bahari yenyewe kisanduku hakiyajui, na hilo silihesabu kuwa kosa la mtengenezaji, maana hakukiuza kama kisanduku cha wavuvi. Nayataja kwa ajili ya wenzangu watakaokinunua. Mwiba wa samaki aitwaye taa una sumu inayoharibika kwa joto, kwa hiyo mguu au mkono uliochomwa unatumbukizwa katika maji ya moto kadiri mgonjwa anavyoweza kuvumilia bila kuungua, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, na mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake kwa sababu aliyechomwa hasikii joto sawasawa. Mwiba uliokita kifuani, tumboni au shingoni hauchomolewi dikoni kamwe. Ndoana iliyozama mpaka ncha yake ya nyuma inahitaji koleo la kukatia chuma, ambalo sasa liko katika kila sanduku letu. Iliyo karibu na jicho haiguswi na mtu yeyote isipokuwa daktari. Mikwaruzo ya matumbawe inaonekana midogo na huchelewa kupona, kwa kuwa vipande vidogovidogo vinabaki ndani, na dawa yake inarudi palepale kwenye kuosha, safari hii kwa kusugua taratibu na gozi iliyoloa.

Hapa nigusie imani moja tuliyoikuta kwa wazee wetu, kwamba maji ya bahari ni tiba ya jeraha kwa kuwa yana chumvi. Maji ya ufukoni karibu na mji yanapokea mifereji ya mji, na hata yale ya mbali yana bakteria wa jamii ya Vibrio wanaostawi katika maji ya chumvi yenye joto. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini au kisukari, bakteria hao wanaweza kuingia kupitia jeraha dogo na kumweka katika hatari ya kufa kwa muda mfupi sana. Jeraha lililoingia maji ya bahari linaoshwa kwa maji safi yasiyo ya chumvi. Likianza kuvimba kwa kasi, kuuma kuliko linavyoonekana, au kutoa malengelenge yenye damu, safari ya hospitali haingoji kupambazuke.

Kwa wakaangaji samaki, ambao mafuta ya moto ndiyo hatari yao ya kila siku, sanduku halina chochote, lakini kwa bahati njema jambo lenyewe linahitaji maji tena. Sehemu iliyoungua inawekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na hata kama saa mbili zimepita bado inafaa kufanya hivyo. Pete na bangili zinavuliwa kabla ya uvimbe. Barafu, ambayo hapa dikoni iko tele na inamshawishi kila mtu, haiwekwi juu ya ngozi iliyoungua kwa kuwa inaizidishia madhara, na dawa ya meno, yai na unga wa ngano vibaki jikoni. Tumewawekea madumu ya lita 20 yenye bomba la chini, na gharama yake haikuzidi ile ya chupa nilizozitoa sandukuni. Asali ina ushahidi mzuri katika kuponyesha majeraha ya moto yasiyozama sana. Ugumu ni kuipata isiyochanganywa na sukari, na kwa hiyo sikuiweka.

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani imeandikwa kwa Kiingereza peke yake, kwa herufi ndogo, na inasema kwamba dalili ya jeraha kuingiwa na maambukizi ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na mtu anayeusubiri atausubiri mpaka achelewe. Nimebandika ndani ya mfuniko maelezo kwa Kiswahili: tazama kama ngozi inang'aa na kukaza, au imekuwa nyeusi zaidi ya jirani yake, au ya zambarau, weka mgongo wa mkono upime joto ukilinganisha na upande wa pili, uliza kama maumivu yanaongezeka baada ya siku ya pili badala ya kupungua, angalia usaha, harufu, homa, na mtoki kinenani au kwapani. Mwenye kisukari anakwenda zahanati hata kama jeraha la mguu wake ni dogo na haliumi, kwa sababu kutouma kwake kunaweza kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Karatasi hiyo haikutaja pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa katika udongo, mavi ya wanyama na vumbi, na tundu jembamba la msumari au mwiba ni makazi mazuri kwao kuliko mkato mpana. Watoto wetu hupata kinga katika chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wanawake huiongeza kliniki wanapokuwa wajawazito. Wanaume ndio wanaopita miaka mingi bila kukumbushwa. Aliyemaliza chanjo zote huhitaji kuongezewa jeraha likiwa chafu na imepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho, au miaka 10 kama jeraha ni safi. Wengi wa wanachama hawakumbuki dozi yao ya mwisho, na kwa mtu wa namna hiyo jibu ni kwenda kituoni mapema, siku ileile ya jeraha.

Nakipongeza kisanduku kwa jambo moja walilolikwepa: hamna kapsuli. Desturi ya kufungua vidonge vya rangi mbili na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda bado ina nguvu, na kuna mwanachama aliyenisihi nivinunue ili sanduku likamilike. Unga huo unafanya gaga linalofungia usaha chini, unaweza kumletea mtu mzio, na unawazoesha bakteria dawa ambayo kesho itahitajika kumtibu mgonjwa wa kweli. Binti wa dukani alikataa kuniuzia alipojua kazi yake, akasema vidonge vinamezwa kwa maelekezo ya mganga aliyemwona mgonjwa. Kwa msimamo huo ninampa alama zote.

Kuhusu duka kwa jumla, huduma ni ya heshima, risiti inatolewa bila kudaiwa, na chupa moja ya ayodini iliyokuwa imefutika tarehe ya mwisho ya matumizi ilibadilishwa siku hiyohiyo bila maneno. Ninachowalaumu ni kukataa kuuza sanduku la bati kwa kupunguza vile visivyohitajika; bei ni ileile, uchukue chupa za povu usichukue. Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya kazi kama yetu ni bora achukue sanduku tupu la plastiki, kisha anunue rejareja gozi zilizofungashwa moja moja, gozi zenye mafuta, plasta pana, bandeji za kitambaa, boksi la glavu, ayodini, vaselini, mkasi wa kweli, kibano chenye ncha, koleo, na chupa za maji ya kunywa ambazo hazijafunguliwa. Sisi tulipojumlisha vyote hivyo, tuligawana boksi la glavu kwa masanduku yote, na kila sanduku likatoka chini kidogo ya zile 35,000.

Kila Ijumaa kabla ya swala mtunza vifaa hukagua masanduku na kuandika kilichopungua. Glavu ndizo zinazokwisha kwanza, zikifuatiwa na maji, ambayo sehemu yake, nakiri kwa niaba ya wenzangu, hunywewa. Gozi hufuata, na chupa ya spiriti ya sanduku la kwanza bado haijafika nusu.